Nilivyokataa Uji wa Mkaguzi

Leo nimeaibika. Si aibu ndogo ya kusahau kufunga zipu (hiyo ilikuwa wiki jana). Hii ni ya kuhama mji.

Mnaonijua mnajua kwamba nafundisha Kijerumani katika chuo kidogo hapa Meru mjini, orofa ya pili, juu ya duka la misumari. Wanafunzi wangu ni wauguzi kumi na wanne wanaotaka kwenda kufanya kazi Ujerumani. Siwafundishi kwa kukariri. Tunalinganisha maisha: Mjerumani anapokea mgeni vipi, sisi tunampokea vipi, na maneno yanaingia yenyewe. (Njia hii niliisomea miaka minne. Mshahara wangu haujapata habari.)

Siku hizi nina mambo mawili yanayonikosesha raha. La kwanza, Jumamosi naenda Kibirichia na mke wangu. Kijana wetu Mwenda anataka kumwoa binti wa huko, Kendi, na wazazi wake hatujawahi kuwatia machoni. La pili, mkataba wangu unaisha mwezi huu, na kuna fununu kwamba wakubwa wanatuma wakaguzi wa siri. Mwenzangu wa tawi la Embu alifutwa kazi kwa kupokea maembe kutoka kwa "mzazi" mmoja wa Ishiara. Kumbe yule mzazi hakuwa na mtoto!

Tangu nisikie hayo simwamini mtu. Juzi bawabu aliniuliza nimeamkaje, nikamuuliza anauliza kwa niaba ya nani.

Basi leo saa nne niko darasani. Somo: jinsi ya kukataa chakula. Nawaeleza kwamba huku kwetu mgeni husema ameshiba mara tatu, mwenyeji humsukumia sahani mara nne, kisha mgeni anakula kuliko wenyewe. Mjerumani akisema "Nein, danke", yaani hapana asante, sahani inaondoka. Usipokuwa makini utalala njaa Ujerumani kwa sababu ya adabu za Meru.

Mlango ukafunguka. Akaingia mama mmoja wa makamo, koti zito la baridi, miwani imening'inia kifuani, kikapu mkononi. Hakubisha. Akaketi benchi la nyuma, akatoa daftari.

Daftari, jamani!

Nikaendelea kufundisha huku namtazama kwa pembe ya jicho. Nikisema neno, anaandika. Nikikohoa, anaandika. (Alikuwa anaandika nini kuhusu kikohozi changu?) Viatu vyake vilikuwa na vumbi, lakini nikajiambia hiyo ndiyo mbinu yenyewe. Mkaguzi mjanja haji na viatu safi.

Nikaamua kumkabili kwa Kijerumani halisi: bila kuzunguka, macho kwa macho.

"Mama, umekuja kufanya nini hapa?"

Darasa likashtuka. Kwetu mgeni haulizwi hivyo hata kama amekukalia kwenye kofia. Kwanza anakula, halafu anasema mwenyewe.

"Nimekuja kukuona tu, mwalimu," akajibu kwa upole. "Nilikuwa nimeleta viazi sokoni, nikasema siwezi kupita hivi hivi. Endelea, usijali. Unafundisha vizuri."

Kukuona tu! Unafundisha vizuri! Mkaguzi angesema nini kingine?

Kisha akafungua kikapu, akatoa kibuyu na kikombe. Akatikisa kibuyu kwa ustadi, akamimina uji wa wimbi uliochachuka vizuri. Harufu ilinifikia ubaoni, na tumbo langu, msaliti, likanguruma. Akasimama, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu uji, mwalimu. Ni wa nyumbani."

Nikaona maembe ya Ishiara yakipita mbele yangu. Mtego ndio huu! Lakini safari hii nitautumia kama kifaa cha kufundishia. Nikanyoosha tai.

"Darasa, tazameni. Nein, danke."

Mama akatabasamu. Bila shaka aliona nina adabu. "Chukua tu, mwalimu. Umesimama tangu asubuhi."

"Nein, danke!"

Kawira, muuguzi mkubwa kuliko wote darasani, akaninong'oneza kutoka benchi la mbele: "Mwalimu, mama akileta kibuyu hivyo, huo si uji wa kukataa."

"Kawira, hapa tuko Ujerumani."

"Mwalimu, haki, muulize jina kwanza..."

"Kawira!"

Mama akasogea hatua moja. "Onja hata kidogo. Nimeutoa mbali."

Hapo nikapandisha sauti, ili taarifa yake iwe na cha kuandikwa. "Nein! Hata tone. Mimi sipokei kitu cha mtu nisiyemjua. Ondoa kikombe chako, mama."

Vijana wawili wa nyuma wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo wa kuigiza. Kawira akafunika uso.

Mama akakitazama kikombe. Akarudisha uji kibuyuni polepole, bila kumwaga hata tone. Akaziba. Akavaa miwani, akanitazama kama mtu anayesoma tangazo la kifo ukutani.

"Sawa. Nimeelewa," akasema. "Mimi ni Mama Kendi. Nilitaka tu kumwona baba ya Mwenda kabla ya Jumamosi. Sasa nimemwona."

"Woi!" darasa zima likasema, Kijerumani kikiwa kimesahaulika.

Kwa msomaji wa mbali: mama ya msichana akikuletea uji kwa mkono wake, ukaukataa, umemkataa msichana. Nilikuwa nimevunja posa ya mwanangu mara tatu, kwa lugha ya kigeni, mbele ya mashahidi kumi na wanne.

Nilimfikia ngazini, chaki mikononi. "Mama Kendi, nisamehe! Nilidhani wewe ni mkaguzi!"

"Nilikuwa mwalimu mkuu mpaka nikastaafu. Wakaguzi nimewaona wengi. Walikuwa wanakunywa uji wangu, siyo kuniletea."

"Na daftari?"

"Naandika Kijerumani chako. Kwani ni dhambi?"

Nikapiga magoti. Pale pale, katikati ya ngazi, wateja wa misumari wakitazama.

"Inuka, mwalimu, unachafua suruali," akasema. "Kibuyu hiki kikirudi Kibirichia kimejaa, mume wangu ataniuliza, nami sijui kudanganya. Ulikataa mbele ya watu. Utakunywa mbele ya watu."

Tukarudi darasani. Nikanywa kikombe cha kwanza, Kawira akihesabu kwa Kijerumani. Nikanywa cha pili. Cha tatu. Kila nikitua kikombe, mama anauliza, "Nikuongezee?" na mimi, mtaalamu wa kukataa, sina tena haki ya neno hilo. Cha sita nilikinywa nikiwa nimeshika meza. Mama akageuza kibuyu juu chini kuhakikisha, akafunga daftari, akaaga kila mwanafunzi kwa mkono. Mimi alinipungia kwa mbali.

Saa tisa Mwenda akanipigia simu kutoka Nairobi.

"Baba, umefanya nini? Mama Kendi amempigia mama."

Nikauliza: "Amekataa?"

"Hapana. Jumamosi mnakwenda. Wamekubaliana wao wawili kwamba kwa upande wetu mama ndiye atakayeongea. Wewe utabeba sukari, utakaa karibu na mlango, na ukipewa chakula utakula."

Tafadhali, mtakaonikuta Jumamosi kwenye barabara ya Kibirichia na mfuko wa sukari begani, msinisalimie. Sijaruhusiwa kujibu.