Seva ya Nabiha na Adabu Zangu

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimemaliza kuunda seva ya mchezo wa kompyuta. Inabeba mamia ya wachezaji kwa mpigo wala haihemi. Mimi Jaffar, niliyeachana na shule darasa la nne kwa kutoelewana na mwalimu.

Haya, sikuiunda. Aliyeiunda ni Nabiha, binti wa marehemu ndugu yangu, anayefanya kazi chumba cha chini hapa kwangu Mji wa Kale. Mimi nilishika feni ielekee mashine. Lakini bila feni ingekuwa makaa.

Mchezo wenyewe ni wa kukimbiza mizigo kwenye vichochoro vya mji kama huu wetu. Kila mtu yuko kwao na kompyuta yake, ila humo ndani wote wanaonana. Seva ndiyo inayowakutanisha. Nabiha kanieleza kwamba ndani yake kuna nyuzi nyingi, zote kazini kwa wakati mmoja. Nikamuuliza, kama wapishi wa harusini, kila mmoja na sufuria yake? Akasema naam Ami, vivyo hivyo, na balaa huanza pale wawili wanapoutaka upawa mmoja. Hilo halina haja ya kusomea. Nimeona watu wazima wakigombana kwa upawa hadi pilau ikashika moto.

Jumamosi anakuja bibi Mwende, wa kampuni ya michezo ya Nairobi. Seva ikifanya kazi vizuri mbele yake, kampuni itaichukua na Nabiha abaki Mombasa. Ikilala, aende Nairobi kuajiriwa kwingine, na nafasi tayari inamngoja. Nitabaki mimi na paka, na paka mwenyewe hanipendi.

Moyo hautulii. Nimekunywa kahawa ili utulie. Umezidi.

Jumanne, 4 Novemba

Fuad, jirani wa mkabala, kaniharibia asubuhi. Kaketi barazani kwangu, juu ya mto wangu, akimsimulia kila apitaye kwamba mlango wake umeingia mchezoni. Ni kweli. Nabiha aliupiga picha mlango wake wa kuchongwa, akautia humo, na ukifunguliwa unalia vile vile unavyotukatia usingizi alfajiri. Fuad akaniuliza kwa upole wa kinafiki: yakhe, na wewe ami yake, wako umewekwa wapi?

Wangu ni wa bati. Wa kuchongwa uliliwa na mchwa, na mchwa sikuwaalika mimi.

Nikaingia ndani kudai haki. Nabiha akasema mlango wa Fuad si seva, ni kijalizi tu. Kijalizi ni kipande cha programu kinachochomekwa ubavuni kuongeza jambo fulani. Mfano wa pazia: ukilitoa, nyumba haianguki. Na seva yake imejengwa hivyo makusudi, ili mtu yeyote aweze kuleta kijalizi chake.

Mtu yeyote. Neno kalitamka mwenyewe, nami nilikuwepo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetazama mchezo kutwa. Vijana wanapitana vichochoroni kama mbuzi waliokatika kamba. Bega kwa bega, hakuna sabalkheri, hakuna waambaje. Huo ndio Mji wa Kale? Mlango upo na adabu haipo.

Basi nimejua kijalizi changu.

Dancan ni mwenzake Nabiha kazini, kijana kutoka bara. Asubuhi yuko kwenye ofisi ya malori Shimanzi, alasiri yuko hapa anaandika programu. Nabiha alipotoka nikamwekea mahamri na mbaazi za nazi, nikaanza kumwagiza. Ukikutana na mtu, mpe salamu. Ukishaitoa, simama hapo hapo. Usiende, usiguse kitu, usiseme neno na yeyote mpaka ujibiwe. Salamu ya mtu haiachwi njiani.

Dancan akauliza, na asipojibiwa? Nikamwambia labda huko kwenu. Hapa kisiwani hajazaliwa asiyejibu salamu. Akacheka, akasema haya mzee, umeshinda, leta mbaazi.

Alitaka kukiita Salamu. Nikakataa. Kinaitwa Adabu za Mzee Jaffar.

Alhamisi, 6 Novemba

Nabiha kaenda Ganjoni kukodi viti vya wageni. Tumekijaribu.

Mimi nikasimama kichochoroni, humo mchezoni, nimevaa kanzu. Dancan akaja, akanipa salamu, akaganda kama nguzo. Nikamjibu. Akaenda zake. Tukarudia, tena na tena, na kila mara yeye ndiye aliyeanza, maana mtu mzima hamwanzi mtoto. Safi kabisa. Nilimwacha mara moja bila kumjibu nikaenda kunywa maji, nikarudi nikamkuta bado kaganda. Sijapata kuheshimiwa hivyo tangu nizaliwe.

Dancan kakichomeka. Akanisihi nimwambie Nabiha leo hii. Nikaahidi.

Nabiha karudi magharibi, hana rangi, hata uji kausukuma kando. Nimeona si wakati wake. Nitamwambia kesho akiwa na furaha.

Ijumaa, 7 Novemba

Hakuwa na furaha.

Kasema juzi aliijaribu seva kwa wachezaji bandia, ikabeba wote, na tangu hapo yeye mwenyewe haigusi wala hataki iguswe na mtu. Atakayebadilisha chochote kabla ya kesho, yeye Nabiha atafunga sanduku aende Nairobi siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikautumia kupiga mwayo.

Nimempigia Dancan simu akichomoe. Yuko kwenye lori, kakwama Kibarani, mbele malori na nyuma malori. Akaniuliza ninahofia nini, si tulikijaribu pamoja kikakubali? Kweli, kilikubali. Nikakata simu, nikaenda kuipangusa feni vumbi.

Fuad kapita kunijulisha kwamba kesho atavaa joho. Joho, kwa ajili ya mlango.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nimeketi ngazini. Chumbani sikaribishwi.

Bibi Mwende alifika mapema, mtu mpole, kanisalimia vizuri kumshinda Fuad na joho lake. Mchezo ukaonyeshwa ukutani. Wachezaji wakaingia, wengine kwenye viti vya hapa, wengi wakiwa makwao. Wakaanza kukimbiza mizigo, na seva ikitiririka kama mafuta. Nabiha akaanza kupumua. Nami nikaanza.

Kisha vijana wawili wakakutana kichochoroni, mbele ya mlango wa Fuad. Watoto wa Mombasa, wamefunzwa vyema kwao. Wote wawili wakatoa salamu kwa pamoja.

Huyu akasimama kungoja jibu la yule. Yule akasimama kungoja jibu la huyu. Kujibu hawezi hata mmoja, kwa kuwa mwenye kungoja jibu haruhusiwi kufanya jambo jingine. Nani aliweka sheria hiyo? Usiniulize.

Wakaja wengine nyuma yao, wakawasalimu waliosimama, wakaganda. Wakaja wengine. Kichochoro chote kimya, mizigo vichwani, mfano wa watu msibani. Fuad akamnong'oneza bibi Mwende kwamba wamesimama kuutazama mlango.

Nabiha akawa mweupe kama chokaa. Akasema seva haijafa, nyuzi zake zinangojana, na haoni ni kwa nini. Bibi Mwende akatazama saa yake. Nikaliona basi la Nairobi kana kwamba limeegeshwa humo humo chumbani.

Ningesema. Wallahi ningesema. Lakini Nabiha akafungua sehemu ya vijalizi, na jina langu likatokea ukutani, kubwa, mbele ya wageni. Hakugeuka kunitazama. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini.

Ami.

Bora angenipiga.

Akakichomoa palepale, mchezo ukiendelea, wachezaji wote wakiwa ndani. Kichochoro kikazinduka. Hakuna aliyetupwa nje, hakuna aliyepoteza hata gunia. Wakaendelea kukimbia.

Bibi Mwende akaliweka begi lake chini. Akaomba kirudishwe. Kikarudishwa, wakaganda. Kikachomolewa, wakakimbia. Akasema kwao kijalizi kibaya kama hiki, na akanitazama kwa heshima aliposema kibaya, kingeiangusha seva nzima na kila aliyemo. Hii haikuanguka. Kampuni itaichukua, na Nabiha aiongoze kutoka hapa hapa.

Nabiha akaketi sakafuni, akalia. Fuad akamfunika joho. Sikumzuia.

Jumapili, 9 Novemba

Nabiha hakunisemesha hadi adhuhuri. Akaniletea wali, akasema amewaambia wale wa kazi ya Nairobi kwamba haendi. Kisha akasema chumbani kwake nitaingia mikono nyuma, na nikigusa kitu atazihamishia mashine zake kwa Fuad. Nikala wali kwa adabu kubwa.

Jambo limekwisha, na nimelifikiri kwa makini. Tatizo halikuwa adabu. Tatizo lilikuwa watu kusalimiana wakiwa macho.

Wale vijana wanakimbia jua kali la mchana bila kupumzika. Hapa kwetu maduka hufungwa, watu wakalala. Kijalizi kiwe hivi: baada ya chakula kila mchezaji analala, na hakuna kuamka mpaka aliyelala kando yako aamke kwanza, kwa sababu kumruka mtu aliyelala ni utovu wa heshima. Sioni pa kuharibika.

Nabiha kauliza nani aliyeniandikia kile cha kwanza. Nikasema vijana ni wengi, na macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Daftari hili nakupa ulisome mwenyewe, Dancan: jina lako sikulitaja, la sivyo ungelifukuzwa. Basi nawe nitendee wema mdogo: kaketi kidogo tu kwenye hiyo kompyuta, sasa hivi, kabla Nabiha hajarudi kutoka sokoni.