Romu, Si Gongo

Jumatano, 1 Novemba 1950. Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Siku ya kumi na moja bila Teodosia. Nimekula ugali mbichi tena. Mimi, Augustino, karani wa stoo ya mradi wa karanga hapa Nachingwea, mwenye mhuri wangu mwenyewe, nashindwa na ugali!

Mke wangu alirudi kwao Mnero siku ile nilipopika gongo kwenye chungu alichopewa na marehemu mama yake. Chungu kikapasuka, jiko likaungua. Alisema jiko litajengwa, chungu je?

Leo imekuja barua ya baba yake, Mzee Selestini, katekista, mtu asiyenusa hata togwa iliyolala. Niende Mnero Jumapili ya tarehe 12, tuzungumze. Sharti ni moja tu: niwe nimeachana na gongo. La sivyo Teodosia harudi.

Nimeisoma mara nne. Mara ya nne nikaona mwanya. Mzee kaandika gongo. Hakuandika romu!

Kwenye jalala la klabu ya Wazungu nimeokota chupa tisa tupu za romu. Wazungu wanakunywa romu na wake zao wako nao nyumbani. Kumbe shida yote ni jina. Sheria, nijuavyo mimi, inamkataza Mwafrika kuinywa. Kuitengeneza sijasikia. Nami nimeapa: tone halitagusa midomo yangu mpaka Teodosia arudi.

Ijumaa, 3 Novemba.

Mabibo, matunda ya mkorosho ya kupikia, hakuna! Mama Sabaha, mpika gongo wa nyuma ya soko, kazoa yote yaliyoletwa kutoka Mbekenyera. Mwaka wa ishirini huu anapika, hajakamatwa hata mara moja, na watu wanamwamkia kwa heshima kuliko mimi mwenye mhuri. Inaniuma sana.

Nimekwenda kumwomba. Akanipa matenga mawili bure. Bure, kama mgonjwa! Nikamfahamisha kuwa mimi sipiki gongo, natengeneza romu. Akauliza tofauti yake ni nini. Nikasema rangi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Bomba la shaba nimelipata stooni. Kitabuni nimeandika: bomba la trekta, futi sita, limeliwa na mchwa.

Jumatatu, 6 Novemba.

Nimepika mchana kweupe. Matingatinga yanang'oa miti, visiki vinachomwa kila upande, mji mzima ni moshi. Nani ataulizia moshi wangu?

Chupa tisa zimejaa. Lakini nyeupe pe! Mtoto mdogo angeitazama akasema gongo. Nimekaa mbele yake nikalia kidogo. Kanga ya Teodosia bado iko kambani pale alipoianika. Siwezi kuianua.

Jumanne, 7 Novemba.

Rangi nimeipata! Maganda ya korosho. Yachomwe kidogo, yalowekwe humo humo chupani, yatoe hudhurungi ya Kizungu.

Nikapita kwa Mama Sabaha kumringishia. Safari hii hakucheka. Alisema ganda la korosho lina mafuta mabaya, hata mbuzi haligusi, na lililochomwa kidogo ndilo baya zaidi. Wivu tu! Mimi niliyezaliwa Mbekenyera, katikati ya mikorosho, leo nifundishwe ganda?

Ni kweli niliwahi kuungua utotoni, nikibangua korosho mbichi. Ngozi ya vidole ilitoka yote. Lakini vile vilikuwa vidole. Romu hainywewi kwa vidole.

Alhamisi, 9 Novemba.

Rangi imekubali! Chai ya rangi kabisa. Kila chupa nimeibandika karatasi kwa mwandiko wangu mzuri: Romu ya Nachingwea. Chini nikagonga mhuri wa stoo, ipate heshima.

Chupa ya kwanza nimemkabidhi Adinani, dereva wa lori la mbao linalopita Mnero, amfikishie mkwe wangu. Nimemwambia aseme ni dawa ya kifua, kijiko kimoja kabla ya kuimba kanisani. Mzee aonje mwenyewe, ajue si gongo.

Halafu balaa. Gaudens, askari polisi, kaingia stooni, kanishika bega, kasema niko chini ya ulinzi. Nikakiri yote: mabibo, bomba, mchwa, chupa nane chini ya kitanda. Nilipomaliza akawa ananitazama tu, mdomo wazi.

Kumbe alifuata kamba za viatu! Gaudens ni Mngoni, mimi Mmwera. Wangoni ni watani wetu tangu babu zao walipokuja kuwakimbiza babu zetu. Kunikamata ni utani wake wa kila wiki, nimeusahau vipi? Akachukua chupa mbili kwa haki ya utani, na mtani akichukua huna pa kushtaki. Sita zilizobaki nimewagawia makarani na madereva, waonje wanitangaze.

Jumapili, 12 Novemba. Mnero.

Naandika kando ya njia.

Misa ilianza vizuri. Mzee Selestini akasimama kuanzisha wimbo. Midomo yake imevimba mfano wa maandazi mawili! Akavuta pumzi, akaifungua. Ikatoka pu, pu, pu. Akajaribu tena. Pu. Kina mama wakainama kwenye mabenchi, mabega yanatikisika. Padri akatazama dari. Teodosia hakucheka. Alinitazama mimi.

Baada ya misa nikampigia mkwe magoti. Hawezi kusema, hata uji anashindwa. Akanionyesha chupa, mhuri wangu umetulia pale, unasomeka vizuri mno. Akaingia ndani. Mazungumzo hayakuwepo, maana mzungumzaji hakuwa na mdomo.

Teodosia akaja mlangoni, akauliza mle chupani mlikuwa na nini. Nikasema romu. Akaufunga mlango polepole. Bora angeubamiza. Nimeharibu kila kitu. Ningekuwa na mahali pengine pa kwenda nisingerudi Nachingwea.

Jumatatu, 13 Novemba.

Makarani, midomo. Madereva, midomo. Asubuhi Bwana wa mradi kaita majina, hakuna aliyeweza kuitika. Jina langu lilipofika niliitika kwa sauti safi, na mstari wote ukanigeukia. Sijawahi kuona macho mengi hivyo juu ya mdomo mmoja.

Sasa nimeelewa. Mama Sabaha karoga romu yangu! Nimekwenda kumwambia usoni. Hakubisha. Akanipa kibuyu cha mafuta ya ufuta, akasema niwapelekee wakajipake. Nimekipokea, lakini kwa hasira.

Jumanne, 14 Novemba.

Gaudens kaja tena, midomo yake imemziba pua. Kanishika bega, kabwabwaja kitu kama niko chini ya ulinzi. Safari hii sikudanganyika! Nikacheka. Nikamwambia Mngoni hawezi kukamata hata kobe aliyelala. Nikamnyooshea mikono mwenyewe anifunge. Tukapita sokoni, mimi nikiwapungia watu na kumtukana babu yake, yeye kimya. Mama Sabaha aliacha kupepeta mchele, akatutazama mpaka tukapotea.

Kwenye meza ya kituo nilikuta chupa yenye mhuri, na pembeni yake bomba la shaba. Mlango ukafungwa nyuma yangu. Nikangoja Gaudens acheke. Nilingoja sana.

Alhamisi, 16 Novemba. Mahabusu.

Kazi imekwisha, mhuri wamechukua. Gaudens kaniletea daftari hili na penseli. Mtani ni mtani.

Na Teodosia kaja! Kwa miguu kutoka Mnero, ana ugali kwenye kikapu na chungu kipya kichwani. Kakifinyanga mwenyewe. Alisema midomo ya baba imepungua, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba amenisamehe. Alisema hata nikifungwa atakuwa nyumbani kwetu, atajenga jiko, ataningoja. Jambo moja tu. Nimwambie, kwa mdomo wangu, mle chupani mlikuwa na nini. Hataki maelezo. Neno moja.

Nililijua neno analolitaka. Fupi, na nimelitamka maisha yangu yote. Nikasogea kwenye nondo. Nikafungua mdomo, mdomo pekee uliokuwa mzima Nachingwea nzima. Nikamweleza kuwa kosa lilikuwa kwenye maganda. Romu yenyewe haikuwa na tatizo.

Teodosia akainamia kikapu. Akapitisha ugali. Akajitwisha chungu chake, akaondoka nacho.

Nimeula wote huku nalia. Ulikuwa umeiva vizuri.

Kutoka dirishani naona magunia ya karanga za mradi, zimenyeshewa, hakuna anayezitaka. Ganda la karanga haliunguzi mtu, hata mtoto analitafuna. Na rangi yake ni hudhurungi safi. Gaudens akipita nitamuuliza kama lile bomba la shaba wameliweka mahali pakavu.