Egidi Anachimba Ngolo

Kingerikiti,
Siku ya Mtakatifu Yosefu

Mkuu wa Gereza
(lile lenye bustani ya kabichi kando ya barabara)

Ndugu Afande,

YAH: MAOMBI YA KUMRUDISHA KWENU EGIDI KOMBA, ALIYEREKEBISHWA KUPITA KIASI

Shikamoo, kama umenizidi umri; kama sivyo, pokea salamu za kawaida. Mimi ni Ladislaus Ndunguru, mkulima wa kahawa na mahindi, jirani wa Egidi shamba kwa shamba. Egidi ndiye yule aliyeiba magunia mawili ya kahawa kwenye ghala la ushirika wetu, mkakaa naye miaka minne. Hatuna ugomvi na hukumu. Tuliomba arekebishwe. Ila ofisi yako imezidisha, na sasa tunaumia sisi ambao hatukuiba kitu.

Alirudi Januari. Aliomba kazi ya kulinda ghala, tukacheka mpaka tukafuta machozi. Aliomba kubeba mizigo gulioni, tukamwambia mizigo imekwisha, huku imejaa mbele yetu. Tulimnyima kazi kwa umoja ambao hata kwenye kutengeneza barabara ya kijiji hatunao. Tulitegemea ateremke ziwani akavue dagaa huko Lundo kwa wakwe zake, alikokuwa amerudi mkewe Luisa.

Badala yake ukafika mwezi wa tatu, msimu wa ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Kama hukuzaliwa huku milimani, nikueleze. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba kwenye mteremko. Hapo kazi yake imekwisha, anakwenda kukaa. Mwanamke ndiye anayechimba shimo katikati ya kila mraba, anafukia majani kwa ule udongo, na kupanda maharage juu yake. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Ninyi gerezani hamna wanawake, basi mkawafundisha wanaume kazi zote mbili. Egidi akalaza majani yake, halafu akashika jembe akachimba. Mchana kweupe, watu wakiona.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Mashimo yake yamelingana mno. Mvua ya juzi ilishusha udongo wa kila mtu, wa kwake ukabaki. Mke wangu Vitalia alisimama mpakani akiyatazama kwa muda wa rozari nzima, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba Dastan, kumbe hata mikono yenu inachimba?" Nikaenda kilabuni.

2. Amepata kazi. Alianza kumchimbia mama Restituta, mjane, akalipwa debe la maharage. Sasa anaitwa hata na wenye waume. Mtu tuliyekubaliana asiajiriwe ndiye pekee kijijini ambaye ukimtaka unaambiwa usubiri hadi baada ya Pasaka.

3. Luisa alipanda kutoka Lundo kuja kuthibitisha kwa macho, na hajashuka tena. Anasema mumewe huamka saa kumi na moja, hukunja blanketi, hufagia uwanja, halafu husimama mlangoni kungoja kuhesabiwa. Basi Luisa humwambia, "Mmoja, umetimia," ndipo anakwenda shambani. Hili, Afande, si lalamiko hasa. Niliposikia niliona aibu, maana miaka yote minne sikuja kumtazama hata mara moja. Lakini nimekwisha kuliandikia namba, basi libaki.

4. Akina mama wa jumuiya walimwuliza amejifunzia wapi. Akasema ukweli: gerezani. Sasa wanaulizana kama ofisi yako inapokea waume ambao hawajaiba, hata kwa miezi mitatu tu ya kiangazi. Majina yamekwisha kuandikwa. La kwanza ni la katekista, la pili ni langu.

Kwa hiyo tunaomba umrudishe ndani. Kosa tutalitafuta, mimi mwenyewe niko tayari kuapa kwamba nilimwona akilitazama ghala kwa macho yote mawili. Jumamosi wanaume tunakutana kuamua kama afukuzwe kijijini, na barua yako itatupa nguvu. Ukishindwa kumchukua, basi walau mfundishe tena uvivu kidogo, wa kumtosha mwanamume.

Wasalimie askari wote, pamoja na mpishi wenu, ambaye Egidi anasifia maharage yake mpaka Luisa ananuna.

Wako katika ujenzi wa taifa na ulinzi wa mapumziko ya wanaume,

Ladislaus Ndunguru
Kwa niaba ya wanaume wenzangu (walionituma wameomba wasitajwe)

N.B. Mkutano wa Jumamosi haukufanyika. Alfajiri ya siku hiyo nilipita migombani kwenda kwa Egidi, anionyeshe kwa siri namna ya kuchimba. Nikawakuta wanaume wanane wamenitangulia, kila mmoja na jembe la mkewe, kila mmoja akidai amekuja kuazima kiberiti. Katekista alikuwa na matope hadi magotini. Egidi hakutucheka, alitupanga mstari, akaanza kufundisha. Leo nimechimba mashimo kumi na moja shambani kwangu, na saba yamebomoka. Vitalia ameketi kivulini anayatazama. Tumeoana miaka ishirini na miwili, na hii ni mara yangu ya kwanza kumwona ameketi mwezi wa tatu. Afande, tafadhali, Egidi msimchukue. Kufukia majani bado hajanifundisha.