Siku Narhari wa Sangli Alipozikomboa Pasipoti Mbili kutoka Nyumba ya Magharibi

Hakuwa na koti la baridi. Hakuwa na sanduku la magurudumu. Alilokuwa nalo ni la bati, na ubavuni lina jina la marehemu baba yake kwa rangi nyeupe. Hakuwa na soksi ila pea moja, nayo ni ya siku ya harusi yake. Hakuwa na mguu uliowahi kukanyaga nje ya India, wala tumbo lililowahi kulala siku mbili bila achari. Viza hakuwa nayo. Na Ijumaa ile, saa saba mchana, alipotia mkono kabatini chini ya mashuka, alitambua kwamba hata pasipoti hana.

Jongeeni basi, enyi mliowahi kupanga foleni na enyi mtakaopanga! Zimeni redio, tulizeni watoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Nawasimulia habari za Narhari Digraskar, Mshika Mizani, aliyepima bizari ya manjano katika soko la Sangli miaka thelathini na minne wala mkono wake usitetereke. Jinsi alivyotoka nyumbani kwake akiwa na kalamu moja na mwavuli mmoja, akaliendea lango alilokuwa ameapa kutolikanyaga tena, kwa ajili ya mjukuu ambaye bado hajazaliwa.

Maana binti yake, Mrinal, alikuwa Uholanzi na mimba ya miezi saba. Na mtoto wa kwanza, kila mtu ajua, huzaliwa kwa wazazi wa mama. Madaktari walipomkataza Mrinal kupanda ndege, ilibaki njia moja tu: nyumba ya wazazi imfuate. Wakala wa viza huko Mumbai alikuwa amesema bila kupepesa: bahasha yenye pasipoti na barua ya maombi imfikie Jumatatu, ikichelewa, nafasi nyingine ni baada ya mtoto kuzaliwa. Na posta ya Sangli hufunga mizigo ya Mumbai saa kumi.

"Mama Mrinal!" akanguruma Mshika Mizani. "Zi wapi pasipoti?"

"Zimeshasafiri," akajibu mkewe Sindhubai toka jikoni, bila kuacha kukanda unga.

"Zimesafiri? Na sisi je?"

"Sisi tutazifuata."

Ikafunuka habari yote. Mnajimu alikuwa ametazama nyota akaona kwamba saa njema ya kwenda magharibi ilikuwa Jumanne iliyopita alfajiri peke yake, na baada ya hapo ni wiki sita za mkosi. Msafiri asiyeweza kuondoka katika saa yake njema hutanguliza mfuko. Mfuko huo hupelekwa kwa jirani wa upande wa safari, ukakaa huko ukimngoja mwenyewe, na ole wake aurudishaye ndani ya kizingiti! Sindhubai, ambaye hajawahi kufanya jambo nusunusu, alikuwa ametia mfukoni mchele, popoo, manjano na sari mbili. Kisha, ili nyota zisikosee ni nani hasa anayesafiri, akatia na pasipoti.

"Na upande wa magharibi," akasema Narhari polepole, "anakaa nani?"

Sindhubai akakanda unga.

Upande wa magharibi alikaa Madhukar Bhosekar, Mwona Singapuri. Alikwenda huko siku tano, miaka sita iliyopita, na hakupata kurudi sawasawa. Kofia aliyoinunua huko alikula nayo na kuogea nayo. Lakini kofia Narhari angeisamehe. Asichosamehe ni tangi: tangi la maji juu ya paa la Bhosekar, lililofurika kila siku na kumwaga mvua yake upande wa mashariki, juu ya papadi za Digraskar, zile chapati nyembamba za dengu, zilizoanikwa. Kwa ajili ya tangi hilo wanaume hawa wawili walikuwa hawajasemezana miaka miwili.

"Nenda ukazilete," akasema Narhari.

"Ziingie tena humu? Safari irudi nyuma na mtoto yu tumboni? Thubutu!"

"Basi nenda ukazitoe, uzishike nje."

"Mimi nilipeleka, Baba Mrinal. Nimemaliza zamu yangu. Kutoa, aende mwenye ugomvi."

Basi shujaa akajivika. Akatia kofia nyeupe kichwani, akachukua mwavuli ingawa anga ilikuwa kavu, akakumbatia faili la karatasi kifuani kama ngao, akachomeka mfukoni kalamu aliyozawadiwa alipostaafu. Kati ya lango lake na lango la adui palikuwa na hatua kumi na moja. Katika ya nne alifikiri kurudi. Katika ya saba alimwona akilini Mrinal hospitalini, katikati ya watu wasiojua hata kumkanda kiuno, akaongeza mwendo.

Mwona Singapuri alikuwa barazani juu ya bembea, kofia kichwani, akiyumba taratibu kama mfalme asiye na haraka.

"Ohoo! Kamal, njoo uone!" akapaza sauti. "Mzungu wa Sangli katutembelea!"

Narhari akasimama wima. "Madhukar wa ukoo wa Bhosekar! Mimi niliyepima manjano ya wilaya nzima pasipo kuiba punje nimesimama langoni pako, si kwa hofu wala kwa njaa! Ndani ya nyumba hii mna mateka wangu wawili. Wafungulie!"

"Kaka, ungesema tu 'habari za mchana'."

"Habari za mchana. Nataka pasipoti zangu."

"Nzuri. Vua viatu, uingie."

Kamalbai, mke wa Madhukar, akaonyesha kwa kidole. Mfuko ulikuwa juu ya kigoda, kando ya miungu ya nyumba, na juu yake palikuwa na ua la jasvandi, jekundu, bichi la asubuhi ile. Narhari akalitazama.

"Ahsante, shemeji, kwa kuuwekea ua."

"Mimi? Mimi naumwa magoti, sifiki bustanini. Anayechuma ni huyo."

Bembea ikasita. Madhukar alikuwa ameona kitu cha kutazamwa darini.

Narhari akazitoa pasipoti, na hapo ukafunguka mlango wa vita vya pili. Barua ya maombi ilikuwa haijaandikwa, nambari za pasipoti zilitakiwa ndani yake, na pasipoti haziwezi kurudi nyumbani. Kwa hiyo barua iandikwe hapo hapo, juu ya meza ya adui, saa nane na nusu, adui akiangalia.

Akaandika: "Kwako Mtukufu, Mwenye Kustahili Heshima Zote, ambaye kwa kalamu yako milango ya mataifa hufunguka na kufungwa—"

"Punguza," akasema Madhukar juu ya bega lake. "Huyu mtu ana barua mia mbili mezani. Anataka jambo moja tu: utarudi, au utajibanza kwa binti yako milele?"

"Nitarudi! Nina pensheni."

"Pensheni hutumwa popote."

"Nina nyumba."

"Nyumba hupangishwa."

"Nina mlimau niliopanda mwenyewe."

"Loo! Waholanzi watalia machozi. Kaka, mimi nimesafiri, wewe hujasafiri. Fikiri. Kitu gani Sangli hii kitakutoa kwa mwanao na mjukuu wako, upande ndege urudi?"

Narhari akafikiri. Wino ukakauka kwenye ncha. Lile swali lilikuwa zito kuliko gunia lolote alilowahi kupima, na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda.

Hapo juu ya paa kukasikika mgugumio, kisha mchirizi, kisha maji yakamwagika, kama kila siku, upande wa mashariki. Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti ya Sindhubai: "Papadi zangu!"

Macho ya Mshika Mizani yakawaka. Akainama, akaandika bila kunyanyua kalamu:

"Kadhalika nina shauri na jirani yangu wa magharibi, Bwana M. Bhosekar, kuhusu tangi lake la maji. Shauri hili lina miaka miwili na halijaisha, nami sina nia kabisa ya kumwachia ushindi kwa kutokuwepo kwangu."

Madhukar akaichukua karatasi. Akaivuta karibu, akaipeleka mbali, akavua kofia ya Singapuri na kuiweka pajani.

"Hukuandika kwamba mwenye makosa ni mimi."

"Hilo bado linabishaniwa."

"Basi lete kalamu." Akatia sahihi chini, na kando yake akaongeza: *Nathibitisha. Mbishi huyu hawezi kukaa mbali.*

Saa tisa na nusu. Posta ilikuwa mashariki, na njia fupi ilipita mbele ya lango la Digraskar. Lakini je, pasipoti zipite kinyumenyume mbele ya nyumba zilikotoka? Haikubaliki! Madhukar akatoa skuta, Narhari akapanda nyuma na mwavuli wake, wakaelekea magharibi, wakazunguka maghala yote ya manjano huku vumbi la njano likiwapaka nyusi, wakavuka soko la vitunguu, wakawakwepa ng'ombe watatu waliolala katikati ya barabara wasiojua kwamba historia inapita, na baada ya maili nne wakafika mahali palipo mwendo wa dakika tano kwa miguu.

"Dakika sita zimebaki, wazee," akasema karani dirishani. "Na bahasha haijafungwa."

Narhari akaipiga mifuko yake. Gundi hakuna. Ndipo Madhukar akatoa kikaratasi kilichokunjwa, na ndani yake punje saba za wali wa mchana. Kamalbai alikwisha kumpa, kwa kuwa anajua wanaume waandikao barua kwa makelele husahau gundi. Narhari akaziponda juu ya ukingo wa bahasha, akakunja, akakandamiza kwa kidole gumba kilekile kilichosimamisha mizani miaka thelathini na minne, akahesabu hadi ishirini. Ikashika.

Karani akaitupa juu ya mizani, akainua mhuri, akaushusha. Duu! Naam, enyi mliojongea, Sangli yote ingestahili kusikia kishindo kile. Bahasha ikaingia katika gunia la Mumbai, nalo gunia likafungwa.

Wakasimama mbele ya dirisha, njano kuanzia nyusi hadi viatu.

"Na lile tangi je?" akauliza Madhukar.

"Tutaongea," akasema Narhari Mshika Mizani, "nikirudi."