Kilomita Mia Saba kwa Dakika Tano

Watu huchoka kusubiri ndege. Injinia hakuchoka kamwe, maana yeye hakuwa na safari. Alishinda kwenye ukumbi wa abiria akitafuta sura ya mtu anayejiona mjuzi. Uinjinia wenyewe aliupata siku aliponunua fulana ya njano yenye kung'aa. Kila alichovaa kilikuwa feki, isipokuwa saa ya mkononi. Hiyo ilikuwa dhahabu halisi, ya marehemu baba mkwe. Mkewe humvisha asubuhi na kumvua jioni, na alishamwambia kwamba siku itakayopotea asijisumbue kurudi nyumbani.

Mtego wake ulikuwa mwepesi. Ndege ya asubuhi huondoka saa nne kamili na kutua mji wa pili saa nne na dakika tano. Si uchawi: safari ni saa moja na dakika tano, ila saa za kule ziko nyuma kwa saa moja. Abiria wengi hawalijui hilo, na wanaolijua hawalikumbuki wakichokozwa.

Asubuhi hiyo alimwona mama mmoja wa miwani akisahihisha makosa ya gazeti kwa kalamu nyekundu. Mwalimu mstaafu huyo, akajisemea, na hakuna mtu mtamu kumla kama mwalimu. Akajikaribisha, akamsimulia habari za injini mpya na zile dakika tano.

"Mwanangu, ni kilomita mia saba," mama akasema. "Hata risasi ingepumzika njiani."

"Basi tuwekeane dau, mama. Ikitua saa nne na dakika tano, begi lako hilo ni langu. Ikichelewa, saa hii ni yako."

Mama akalitazama begi kubwa jekundu kando ya benchi, kisha akakubali. Ila alikuwa na sharti. Saa za watu wa kule haziamini, kwa hiyo ataondoka na hiyo hiyo ya Injinia, wala hatagusa mishale yake, na ndiyo itakayoamua. Begi libaki.

Injinia akapiga hesabu haraka. Saa ile isiporekebishwa ingesoma saa tano na dakika tano. Lakini kukataa ni kujiumbua, na begi lilikuwa limevimba vizuri, huenda vilivyomo vingemnunulia saa nyingine kama ile kabla ya jioni. Ashinde asishinde, mama atakuwa kilomita mia saba mbali naye. Akaivua. Mama akachukua na namba yake ya simu, akamtakia kazi njema, akaingia getini.

Injinia akaliburuta begi mpaka mlangoni. Hapo mkono mzito ukamtua begani. Ulikuwa wa kocha wa ndondi aliyekuwa anatoka msalani, na begi lilikuwa lake.

Katika chumba cha walinzi Injinia alisema kweli tupu kwa mara ya kwanza maishani, na hakuna aliyemsadiki. Walikuwa bado wanamhoji simu yake ilipoita. Mlinzi akaiweka mezani, sauti juu.

"Injinia, nimetua. Saa yako inasema saa tano na dakika tano. Umeshindwa, mwanangu."

"Mama, tafadhali, waambie hawa begi ni la nani."

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyesema ni langu."

Simu ikakatika. Mlinzi akamwambia amwite mtu wa nyumbani aje kumdhamini. Injinia akamfikiria mkewe, akauliza kama hapo pana mahali pa kulala.