Ni Vyema Msomaji Afahamu

Jumatatu, 2 Oktoba 1950. Bumula.

Habari kubwa kanisani jana. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Pasta alisoma tangazo: Bwana wa vitabu kutoka Nairobi atakuwa Kitale siku ya Ijumaa, tarehe 20, katika ukumbi wa Waafrika. Atapokea miswada ya hadithi. Itakayompendeza itapigwa chapa. Jioni hiyo hiyo atapanda gari moshi, na hana mpango wa kurudi.

Kanisa zima liligeuka kunitazama. Wana haki. Mimi, Mwalimu Mukhisa, nimekuwa nikiwaambia tangu kabla ya vita kwamba ninaandika kitabu. Na kimekwisha! Kiko chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati. Kinaitwa Fahali wa Mzee Sitoko. Mzee anaibiwa fahali, anamtafuta kila soko, kumbe mwizi ni mkwewe. Nimekifunga kwa kamba, na kamba hiyo sijaifungua. Kwa nini? Kwa kuwa shajara haina mdomo, nitasema. Ninaogopa. Nusu ya Bumula nimewafundisha mimi kusoma. Itakuwaje wakiitumia elimu hiyo kunicheka?

Baada ya ibada akanijia Wekoye, karani wa kanisa, meno yote nje. Ati hadithi yake iko tayari, amebakisha kunakili ukurasa wa mwisho. Wekoye! Kijana niliyemshika vidole aandike herufi a! Akaniuliza, na cha Mwalimu je? Nikamjibu kwamba kitabu ni kama mimba, haiulizwi-ulizwi. Akasema basi hii ya Mwalimu ni ya ndovu.

Watu wakacheka. Pasta pia.

Jumatano, 4 Oktoba.

Nimepata hila. Ni rahisi, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Wekoye ndiye mtunzaji wa sanduku la vitabu. Ni sanduku la mbao tulilopewa na serikali, liko chumba cha nyuma cha kanisa. Mtu anaazima kitabu, anasoma, anarudisha. Mimi sijawahi kuazima. Mwandishi akisoma vya wenzake, vyake huchacha, kama maziwa yaliyomiminwa katika kibuyu cha jirani. Sasa hila yenyewe. Nitaushona mswada wangu kwa uzi. Nitaupa jalada. Nitaandika juu yake jina la mtu asiyekuwepo, kisha nitautumbukiza sandukuni kimyakimya. Mwandiko wangu hautofautiani na chapa. Wakaguzi wote wa shule walikiri. Watu watauazima wakidhani ni kitabu kama vingine, nao watasema ukweli. Wakisifu, nakwenda Kitale. Wakicheka, watakuwa wamemcheka Bwana Simeoni Makokha, mtu nisiyemjua.

Nimekwenda kuazima kitabu ili nichunguze sanduku linavyofunguliwa. Wekoye alishtuka hata akakaa chini. Alinichagulia kwa mikono miwili, kama anayechagua mbegu. Hadithi ya msafiri fulani. Akasema Mwalimu atakipenda.

Nimekipenda. Ni kizito. Kinafaa sana kukandamizia jalada langu likauke.

Ijumaa, 6 Oktoba.

Balaa! Gundi ya unga wa ngano imevuja. Kitabu nilichoazima kwa Wekoye kimegandana na changu. Nimevitenganisha kwa kisu cha jikoni. Changu kimepona. Cha kuazima, nusu ya mwisho imekuwa tofali.

Edah, mke wangu, aliuliza unga wa maandazi umekwenda wapi. Nikaanza kumweleza historia ya gundi tangu Wamisri. Akatoka nje kabla sijavuka Bahari ya Shamu. Ni silaha nzuri sana, elimu.

Jumamosi, 7 Oktoba.

Nimefaulu! Wekoye aliinama kupuliza moto wa chai. Nikakitupa sandukuni. Kikaanguka kwa kishindo. Akauliza ni nini hicho, Mwalimu? Nikamwambia ni goti langu. Akaniletea kiti, akanipa chai yenye sukari nyingi. Ikabidi nichechemee hadi nyumbani, maana alisimama mlangoni akinisindikiza kwa macho ya huruma.

Jumanne, 10 Oktoba.

Hakuna aliyekiazima. Nimekaa kwenye benchi nje ya kile chumba tangu asubuhi. Anayeuliza, namwambia napumzisha goti.

Mmoja tu ndiye aliyekishika, Mzee Nyongesa. Akafungua ukurasa wa kwanza. Akakunja uso. Akakifunga, akakitumia kumpiga nzi. Nzi alikufa papo hapo, kwa hiyo jalada ni imara. Lakini hiyo siyo sifa niliyoitaka.

Nimekata shauri. Siendi Kitale. Mimi si mwandishi. Mimi ni mtu mwenye mwandiko mzuri.

Alhamisi, 12 Oktoba.

Wilkista amekiazima!

Wilkista ni mke wa jirani yetu, amesoma hadi darasa la sita kwa masista. Wakati huu wa mavuno wanawake hukusanyika kwake alasiri kupukuchua mahindi. Mikono inapukuchua, yeye anawasomea kwa sauti. Edah huenda kila siku, na leo ametoka mbio hata amesahau kitambaa chake cha kichwa.

Ningefanya nini? Nimezunguka nyuma, nikaingia katika ghala la mahindi la Wilkista, nikachuchumaa juu ya magunzi. Nikasikia hadithi yangu! Mzee Sitoko anamkuta fahali wake zizini kwa mkwe. Wanawake walikuwa wakibishana na kitabu kana kwamba kina masikio. Mmoja alilia, "Wewe mzee, angalia nyuma ya nyumba! Si ni yeye huyo!" Mwingine akasema mkwe kama huyo ni wa kuchapwa na wanawake, si wanaume. Na binti wa mzee alipomrushia mumewe mwiko wa ugali unaowaka moto, wakapiga vigelegele hadi mbwa akabweka.

Mwiko? Sikumbuki kuandika mwiko. Lakini mtu akiandika sana husahau mambo yake mazuri.

Nilitokwa na machozi. Mengine yalikuwa ya vumbi la mahindi. Nikapiga chafya. Mara, "Mwizi! Mwizi wa mahindi!" na magunzi yakaninyeshea. Nikatoka nimeinua mikono, nikasema natafuta kuku wangu. Edah akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Baba Nanyama, kuku gani? Sisi tuna kuku?"

Si kitu. Nina uvimbe juu ya jicho na furaha chini yake. Mimi ni mwandishi. Nitakwenda Kitale!

Jumapili, 15 Oktoba.

Siku mbaya.

Baada ya ibada watu walikuwa wakizungumzia kitabu cha Makokha. Nikasogea, nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wekoye alikuwa nacho mkononi, Wilkista amekirudisha, na Wekoye mwenyewe amekisoma chote. Akasema ndani yake mna hadithi nzuri mno, lakini imefungwa kichakani na mwenyewe amesahau njia. Akasema huyu Bwana Makokha anaeleza hata maji yanavyolowesha.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, mbona wanawake walikifurahia? Wilkista akacheka. Ati yeye anaruka! Kila anapoona maneno "Ni vyema msomaji afahamu", anafunua mbele mpaka aone mtu anafanya jambo. Sura yote ya aina za nira ameiruka. Asili ya masoko, ameiruka. Na mwiko je? Mwiko ni wake! Alisema, "Hapo mwandishi alimwacha binti akae tu kama mzigo, Mwalimu. Wanawake walikuwa wananiangalia. Ningesema nini?" Nikamuuliza alijifunzia wapi mambo hayo. Akaonyesha sanduku. Amesoma vyote vilivyomo, vingine mara mbili.

Kisha Wekoye akanivuta kando. Akanirudishia mswada chini ya koti lake, taratibu, kama mtu anayerudisha meno ya bandia. Akasema mwandiko wa aliyemfundisha herufi a hawezi kuusahau. Hatamwambia mtu. Akasema, "Twende Kitale, Mwalimu. Punguza tu."

Nimerudi nyumbani kwa njia ya shambani.

Jumanne, 17 Oktoba.

Jana kutwa sikutoka. Nimemwambia Edah kila kitu. Ati alijua tangu siku ya unga. Akaniuliza swali moja tu: nimewafundisha watu kusoma maisha yangu yote, mimi mwenyewe nitasoma lini?

Nikachukua kitabu cha msafiri. Nilitaka kuonyesha tu kwamba ninaweza. Mstari wa kwanza, mtu anabisha mlango na mvua imemlowesha. Ni nani? Mwandishi hasemi! Nikafunua. Bado hasemi! Nilisoma hadi uji ukapoa na Edah akaondoa bakuli bila mimi kuona. Nikafika mahali msafiri amesimama kati ya mto uliofurika na chui, kisha nikafika kwenye tofali. Nimejaribu mvuke wa birika. Nimejaribu wembe. Sitajua kamwe kama alipona. Ee Mungu, nisamehe gundi ile.

Nimeutumia wembe huo huo kwenye mswada wangu. Kila "Ni vyema msomaji afahamu", nje! Nira, nje! Masoko, nje! Nimelia kwenye nira. Nimekwenda kwa Wilkista kuomba ruhusa ya mwiko, akanipa, ila nitaje kwamba uliungua mpini.

Uliobaki ni mwembamba kama kuku wa kiangazi. Nimeusoma kwa sauti. Edah aliacha kuosha vyombo. Alicheka mahali pa kuchekea. Mahali pa mzee kumsamehe binti yake alijifuta kwa ukingo wa leso, akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimwa.

Alhamisi, 19 Oktoba. Kitale.

Tumefika, mimi na Wekoye, kwa lori la Kang'ethe, mfanyabiashara wa hapa Kitale anayenunua mahindi kwetu. Amekataa nauli. Alitaka kusomewa hadithi. Tulipopita Kiminini Wekoye alikuwa akisoma yangu kwa sauti kushinda injini, na Kang'ethe akapunguza mwendo ili asikose neno. Mwisho wake akapiga usukani, akasema, "Hiyo ni hadithi, mzee! Hiyo ni hadithi, kabisa!"

Kisha akauliza, hivi hivi tu, fahali mwenyewe alikuwa wa rangi gani.

Wekoye akasema rangi yoyote anayoipenda. Kang'ethe akaridhika. Lakini swali limeniingia kama funza. Rangi gani? Sikusema! Niliyakata yote ya rangi!

Ijumaa, 20 Oktoba. Kitale.

Nitaandika kwa mpangilio, maana ni siku ya kihistoria.

Ukumbi ulijaa. Bwana wa vitabu ni Mwafrika mwenzetu, mpole, mwenye miwani. Alisoma cha Wekoye, akakiweka upande wa kulia. Akachukua changu. Akaanza kusoma amesimama. Akakaa. Akacheka! Akaita karani wake, akamsomea mahali pa mwiko. Akavua miwani, akanishika mkono, akasema hajapata hadithi safi kama hii tangu aondoke Nairobi. Itapigwa chapa. Akaiweka kulia.

Mimi! Kulia!

Nikatoka nje nikitembea juu ya hewa. Wekoye alinikumbatia mbele za watu. Nikafika langoni. Ndipo funza akauma.

Nikarudi ndani. Nikamweleza Bwana kwa upole kwamba kuna jambo dogo kuhusu rangi. Akasema msomaji ataiona mwenyewe. Nikamuuliza, msomaji wa wapi? Wa Lamu je? Anajua fahali wa kwetu Wabukusu? Akasema hadithi imekamilika. Nikamwambia hapo ndipo anapokosea, kwa kuwa aliyoipenda ni nyama bila mchuzi, na akipenda nyama kavu, je akipata na mchuzi? Akanikumbusha gari moshi ni jioni na hatarudi. Nikamwambia elimu haikimbizani na gari moshi.

Nikauchukua mswada. Akaushika upande wa pili. Akavuta. Lakini mimi nimefundisha darasa la nne miaka mingi. Najua kumpokonya mtu karatasi bila kuichana.

Wekoye alikuwa langoni. Aliponiona nao mkononi akakaa chini barabarani na suruali yake nzuri.

Jumapili, 22 Oktoba. Bumula.

Nimeamka na nguvu za ajabu. Hofu imekwisha kabisa! Sasa najua mimi ni mwandishi, Nairobi wamekiri. Wala sina haja ya kusoma kingine. Nusu ya kitabu kimoja imenitosha.

Nira imerudi. Masoko yamerudi. Rangi za fahali zimenipeleka ukurasa wa kumi na tisa na bado sijagusa mabaka. Nimeongeza sura ya mwiko: mti wake, mchongaji wake, na kwa nini mpini huungua. Edah amehamia kwa Wilkista na kapu lake la mahindi; amesema atarudi fahali akipata rangi.

Namwonea huruma Wekoye. Njia nzima kwenye lori alinipa mgongo, kijana wa watu. Na ana sababu. Chake wamekichukua hivyo hivyo, hakina maelezo hata kidogo.