Malaria Niliyoiungama Koboko

Ndugu zangu mlioko Jinja, leo nimepatikana. Nawaandikia kwa mwandiko uliopinda, na safari hii si kwa pombe.

Mnajua Driciru, mke wangu, alirudi kwao Vurra na mtoto tangu mvua zianze. Alisema hatakanyaga tena kwangu Arua mpaka niache chupa, na wa kuamua kama nimeacha ni mama yake. Mwezi jana nikatuma salamu kwamba nimeshaacha. (Nilikuwa nimeacha kweli. Siku mbili.) Lakini nimechoka kulala kwenye nyumba tupu. Nikataka kujua: wale wanaoacha na kubaki wameacha, wanafanyaje hasa?

Nikaenda kumwuliza anayewajua walevi kuliko wote, yule mama anayetuuzia waragi nyuma ya soko. Nani mwingine angejua wateja wamepotelea wapi? Alikunja uso. Akanieleza kuwa kuna katekista Koboko anawakusanya kila Alhamisi, wanakaa kusimuliana habari za pombe bila kuonja hata tone.

"Watu yangu nne nakwenda huko," akasema. "Mpaka leo hapana rudi."

Koboko! Nikafurahi. Mbali na Arua, mbali zaidi na Vurra, na hakuna anayenijua. Leo alfajiri nikadandia lori linalokwenda kuchukua tumbaku, nimevaa kofia ya kufunika mpaka masikio. (Jua la Koboko mnalijua. Nilichemka.)

Mkutano unafanyika ghalani, nyuma ya kanisa. Mlangoni pamebandikwa barua ya chifu inayosema humu hakuna siasa, maana siku hizi watu kumi wakikaa pamoja lazima wajieleze. Nilidhani nitakuta watu wamenuna. Wapi! Walikuwa wanacheka na kunywa chai isiyo na sukari (nani ana sukari?). Nikauliza kila kitu. Jamaa mmoja alinieleza kwamba akipita penye nyumba ya pombe ya kwete huweka kokoto mdomoni mpaka afike kwake. Nikamwuliza, je, ukikutana na mtu wa kumsalimia? Akakiri kwamba hapo ndipo penye shida.

Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma ya mkeka uliotundikwa kwenye kamba, ili mwenye haya aseme bila kutazamwa. Sharti lilikuwa moja: mgeni asimulie uongo mmoja aliousema kwa ajili ya pombe.

Mmoja tu? Mimi ninao wa kujaza magunia. Nikachagua ule mtamu.

Nikasimama. Nikasema jina langu ni Candia, na kwamba siku ya matanga ya baba mkwe wangu nilikunywa mpaka nikaanguka karibu na kaburi. Nilipozinduka nikasema ni malaria. Mama mkwe akaamini. Akaamuru nichemshiwe mwarobaini, akakaa ananipepea kwa kanga yake mpaka jua likazama, na mfiwa ni yeye! Watu wakacheka. Sifa zikanipanda kichwani. Nikaigiza nilivyotetemeka. Nikaigiza alivyopepea. Nikaongeza kwamba mwezi jana nilimtumia salamu kuwa nimeacha, na maskini ataamini tena.

Nyuma ya mkeka mtu akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Na kwetu mnakujua: mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kutajiana mambo ya aibu. Nikimwona njiani huwa naingia kwenye mihogo mpaka apite. Ghalani hakuna mihogo. Nikageukia ukuta, nikabaki hapo, paji la uso kwenye matofali.

Hakusema nami. Alisema na katekista, hatua tatu tu kutoka niliposimama.

"Ambia huyo mutu," alisema taratibu, "ile malaria yake ilikuwa nanuka waragi. Mimi najua tangu siku ile."

Katekista akanigeukia, akanirudia yote neno kwa neno, utadhani mimi ni kiziwi. Nikamwomba amwulize Mama, kama alijua, kwa nini alinyamaza.

Kisha akajibu: "Ambia yeye, mimi pia ilikuwa na malaria ile ile. Kusimama ilinishinda. Ndiyo maana nakaa tu, napepea."

Jamani. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kucheka, nikajikuta nalia ukutani na kofia imeniteremkia machoni. Kumbe, kama alivyoendelea kumweleza katekista, tangu azike mumewe mama yule amekuwa akinywa peke yake, na kila wiki anaaga nyumbani kwamba anakwenda Kuluba kumwona dada yake mgonjwa. Koboko ameichagua kwa sababu hakuna anayemjua!

Lori la kurudi lilikuwa moja. Yeye mbele na dereva, mimi juu ya marobota ya tumbaku, wote tunaitazama barabara mpaka Arua. Niliposhuka, dereva akanipa ujumbe bila kujua amebeba nini: nikionekana Alhamisi tatu mfululizo, Driciru atarudi. Na mtu akiniuliza, Mama alikuwa kwa dada yake.

Basi Alhamisi nakwenda, na nyinyi mkitaka kucheka chekeni huko huko Jinja. Wengine huacha pombe kwa kumwogopa Mungu. Mimi namwogopa mama mkwe, na yeye, nadhani, ananiogopa mimi.